Kompyuta Isilale

Tata alikuwa sebuleni ndani ya jeneza, na mimi nilikuwa chumbani kwake, chini ya meza, natafuta soketi. Hivyo ndivyo nilivyoianza siku ya mazishi ya baba yangu. Sikuwa nimelia tangu Jumanne aliyofariki, na waombolezaji walishaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Kaka yangu Clavery yuko Poland, na ndege ya kumfikisha kwa wakati aliikosa. Mama akaamua atazame mazishi kwa simu. Kuamua ni rahisi. Hapa kwetu Nyakakika intaneti inashika kwenye dirisha moja tu, la chumba cha Tata, na kule kibanjani kati ya migomba, kaburi lilipochimbwa, haishiki kabisa. Mama alinigeukia mimi kwa kuwa nina duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta kule Nkwenda.

"Noela, asiyetupa udongo hajaaga," aliniambia. "Clavery hawezi kutupa. Basi angalau aone."

Nikachomeka modemu kwenye kompyuta ya Tata, nikaifunga dirishani kwa kamba ya mgomba, kisha nikaiweka kompyuta igawe intaneti kwa simu zilizo karibu. Waifai ilihitaji jina. Nikaandika Ndyamukama, jina la Tata, maana jingine halikunijia. Shangazi Benadeta akaenda na simu ya kumwonyesha Clavery hadi kaburini, akarudi akisema jina la marehemu limetokea kwenye kioo, na machozi yakamtoka. Mimi nikamuuliza kama mawimbi yanatosha.

Padri alipoanza, nilibaki chumbani. Nilimwambia Mama kompyuta ile ni ya zamani, isipoguswa dakika kumi inalala, na ikilala Clavery haoni kitu. Mama alinitazama kidogo, akaenda.

Nikaketi kwenye kiti cha Tata, nikawa nakisogeza kipanya kushoto na kulia. Nilisikia wimbo, kisha makoleo. Sikuhisi chochote, na kusema kweli niliona nafuu.

Baadaye Clavery alinipigia.

"Nimeona wote wakitupa udongo," alisema. "Mama, Shangazi, hata majirani. Wewe sikukuona."

Nikamjibu kwamba nilikuwa nalinda mtandao. Akanishukuru, kisha akalia, nami nikakaa na simu sikioni hadi alipomaliza.

Sikumwambia kwamba kuizuia kompyuta isilale ni kubofya mara mbili tu. Wateja wangu Nkwenda nawafanyia bure, tena nawacheka. Asubuhi ile niliuona mpangilio huo mbele ya macho yangu, nikaupita makusudi. Nilitaka kazi ya kunizuia nisifike kaburini. Mganga hajigangi, lakini mimi hata kujaribu sikujaribu.

Nilipotoka, kaburi lilishafukiwa, na Mama alikuwa amesimama pale peke yake. Nikaokota udongo, nikamuuliza kama bado unafaa.

"Weka," alisema. "Ila yeye ameshafunikwa, mwanangu. Nilikusubiri, wakanishinda."

Nikauweka juu ya ule mwingine, nikaanza kuusawazisha kwa kiganja, kushoto na kulia, kushoto na kulia. Mama akainama, akaushika mkono wangu, akausimamisha. Bado sikulia.