Kuku Aliyechinjwa kwa Haraka

Ndululu ni dalali, na dalali akianza kukupangia nyumba yako mwenyewe, shika moyo. Alisimama katikati ya sebule yangu hapa Kwa Vonza, kofia mkononi, akazungusha macho kana kwamba ameletewa mahari pungufu. "Mama Muindi," akaniambia, "nyumba hivi haiuziki. Mtu akiingia anaona mjane. Tunataka akiingia aone familia."

Mjane ni mimi, na sebule hiyo nimeipiga deki tangu mume wangu Nzomo akiwa hai. Siku nyingine ningemwonyesha mlango. Lakini nilikuwa nimebanwa. Kule Malili, kando ya barabara ya Mombasa, kulikuwa na hoteli ndogo inauzwa, na jiko lake na meza zake, na mwenyewe alikuwa ameniambia waziwazi kwamba atanisubiri mpaka Jumamosi, baada ya hapo anampa mwingine. Mimi nimepika maisha yangu yote kwenye sufuria za watu: shuleni, hotelini, kwa matanga na kwa harusi. Nilitaka sufuria yangu. Nyumba isipopata mnunuzi wiki hiyo, hoteli ilikuwa imeenda, na kwa umri wangu sikuona nyingine ikija.

Basi tukaanza kuipamba, na pesa za kupamba hazikuwepo. Rangi ilitosha mbele, sebuleni na chumba cha kulala. Huko nyuma nikaacha Mungu aone peke yake. Kiwanja changu kina udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na nyumba inapasuka nao. Chumba cha kulala kilikuwa na ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Ndululu akaleta kabati la nguo la binamu yake, tukaliegemeza hapo. Jirani yangu Mbithe, ninayeimba naye kwaya, akanipa makochi yake pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, yeye na watoto wakabaki wakikalia viti vya plastiki. Tangi la maji lilikuwa linavuja kwa chini. Nikaliziba na kipande cha sabuni ya kufulia, nikakandamiza kwa kidole gumba, halafu mwenye punda akaleta maji mpaka likajaa. Mnunuzi wa huku kwetu hakuulizi sebule kwanza, anakuuliza maji.

"Na chakula," Ndululu akasema. "Nyumba inukie kuku."

Hapo sikuhitaji kufundishwa. Mgeni hatoki kwangu na njaa. Ila kuna utaratibu wetu hapa: kama hujui mgeni wako ni wa dini gani, unamwita Mzee Abdallah, yule anayeuza nafaka sokoni, anakuja na kisu chake, anachinja, na kila mtu anakula kwa amani. Harusi zote nilizopikia, hata za kanisani kwetu, yeye ndiye amechinja. Siku hiyo nilimuuliza Ndululu, "Hao watu ni wa wapi?" Akanijibu, "Wafanyabiashara wa Mwingi," akarudi kwa simu yake. Mikono yangu ilikuwa na rangi, maji yanachemka, na wageni wako njiani. Nikamshika jogoo, nikamchinja mwenyewe nyuma ya jikoni.

Gari likaingia. Akashuka mwanamume amevaa kanzu, na mke wake amejitanda buibui. Farouk na Nasima. Nikamvuta Ndululu hadi jikoni.

"Mbona hukuniambia ni Waislamu?"

"Kwani Muislamu hanunui nyumba?"

"Huyu kuku nimemchinja mimi, Ndululu."

Akafikiri kidogo tu. "Na nani anajua?" akasema, akatoka kwenda kuwapokea na meno yote nje.

Farouk alienda moja kwa moja kwa tangi. Akaligonga kwa kidole kutoka juu hadi chini, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi niliona tone linaanza kutoka pale kwenye sabuni. Nikasogea, nikalificha tone hilo kwa leso yangu, nikaanza kumweleza habari za miti ya matunda ambayo hata hakuuliza. Nasima hakuwa mtu wa maneno mengi. Chumbani aliweka mkono juu ya kabati akauliza, "Hili linabaki na nyumba?"

"Hapana, linahama," nikajibu haraka.

Akatazama sakafuni, mahali miguu ya kabati ilikuwa imekwaruza simenti, mkwaruzo mpya kabisa. Akanitazama mimi.

Walipoketi nilileta chai na mkate. Nilikuwa nimeshaamua: watakunywa chai, wataenda, na kuku atabaki siri yangu na sufuria. Lakini Ndululu hajui kunyamaza. "Chai ni ya nini?" akasema. "Mama amewapikia kuku wa kienyeji, si mnasikia harufu?"

Nasima akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Samahani, mama yangu," akaniuliza kwa adabu, vile wao huuliza kila mahali wanapokaribishwa, "nani amechinja?"

Nilifungua mdomo. Ndululu akawahi. "Mzee Abdallah, wa hapa sokoni."

"Abdallah namjua," Farouk akasema. "Nikija soko huwa tunaswali pamoja." Akakunja mikono ya kanzu na kuomba maji ya kunawa.

Niliwanawisha. Nikapakua ugali, nikapakua kuku, na mikono iliyokuwa ikipakua ilikuwa yangu. Kichwani niliona hoteli ya Malili, jiko linawaka, madereva wa malori wanaitisha chapati, na mimi ndiye mwenye hoteli. Ilikuwa imebaki kukaa kimya tu. Kukaa kimya si kazi, nikajiambia, watu hukaa kimya kila siku.

Nasima akamega ugali, akachovya mchuzi, akasema Bismillahi kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa. Hapo nikashindwa. Niliruka nikaivuta ile sahani, mchuzi ukamwagika kwa kochi la Mbithe.

"Usile," nikamwambia. "Nimemchinja mimi. Mimi ni mtu wa kanisa, na Abdallah hata hajui kama kuna kuku hapa."

Ndululu alifumba macho. Farouk akaweka tonge lake mezani polepole, akamgeukia Ndululu, akamtazama mpaka mimi mwenyewe nikaogopa. Kisha akasimama na kumwambia mke wake twende. Nasima hakusimama. Alikuwa ananawa vidole, kimoja kimoja, akinitazama.

"Ungenyamaza ningekula," akasema. "Nisingejua mpaka nakufa. Wewe unataka kuniuzia nyumba, kwa nini umenizuia?"

"Rangi ya ukutani ukigundua utaikwangua," nikamwambia. "Nyama hiyo ukishaimeza, utaitoa wapi?" Nilikuwa na hasira na yeye, na Ndululu, na Malili, na mimi mwenyewe zaidi ya wote.

"Sawa," Nasima akasema. "Sasa nionyeshe hiyo rangi imefunika nini."

Ndululu akanishika mkono. "Mama Muindi, ngoja kidogo."

"Toa mkono," nikamwambia, "kabla sijakumbuka kisu kiko wapi." Akautoa.

Nikaenda chumbani, nikasukuma kabati, ufa ukaonekana wote. Nikatia kiganja ndani yake, kikaingia. Nikatoka hadi kwa tangi, nikaing'oa sabuni kwa ukucha, maji yakaruka yakamlowesha Farouk kanzu. "Makochi ni ya Mbithe," nikasema. "Mapazia ni ya mke wa pasta. Yangu hapa ni kuta, mabati na choo." Farouk akakamua kanzu yake. Nasima alisema asante, hivyo tu, wakaingia garini. Ndululu aliingia nao, na kwaheri sikupata.

Jioni Mbithe akaja na watoto kuchukua makochi. Nilimwonyesha lile doa nikamwambia nitalifua. "Wacha, litafuliwa," akasema. Tukatandika mkeka, tukala kuku wote pamoja, kwa sababu kuku hana makosa. Nililia nikila, mbele ya watoto wa watu, na sikuona haya. Nikampigia mwenye hoteli nikamwomba aniongezee wiki moja. Akaniambia Jumamosi ni Jumamosi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafagia nyumba tupu niliposikia gari. Ni wao. Nilidhani wamerudi kunitukana wakiwa wamepumzika. Farouk akashuka na fundi mwenye nyundo, wakanisalimia, wakaingia chumbani bila kungoja, nikasikia ukuta unagongwa. Ndululu hakuwepo. Kisha kwa ile njia ya sokoni nikamwona Mzee Abdallah anakuja kwa miguu, jogoo amembana kwapani.

"Mama Muindi," akanung'unika hata kabla ya salamu, "nasikia siku hizi unachinja mwenyewe."

Nasima alikuwa ameshuka na unga na nyanya. "Harufu ya kuku wako ilinifuata mpaka Mwingi," akaniambia, "na sikuonja. Leo nataka kula."

Abdallah akachinja nyuma ya jikoni, nami nikapika na mikono haijui ipike au iombe. Huko chumbani fundi alitaka msingi uchimbwe na ukuta ufungwe upya kwa zege. Farouk akashusha bei kwa ufa, akashusha kwa tangi, akashusha kwa ukuta wa nyuma usio na rangi, na hakuona haya kushusha. Niliwaeleza habari za hoteli ya Malili na Jumamosi yake, lakini sikubishana naye. Alipofika mwisho, kilichobaki kingeshika hoteli ya Malili, bila friji na bila kibao cha jina. Akaahidi kunitumia malipo ya kwanza mchana huo huo, mbele ya Abdallah awe shahidi.

Viti havikuwepo. Tulikaa kwa mkeka, sebule tupu ikirudisha kila neno. Nasima alikula hadi sahani ikaisha, akainyoosha kwangu.

"Niongeze," akasema. "Na huko Malili, utamtafuta nani akuchinjie?"

"Huyo nitamtafuta kwanza," nikamwambia, "kabla ya kuwasha jiko."

Nikamwekea paja lililobaki. Safari hii nilimwacha ale.