Mawifi Wawili na Sufuria Moja

Kimbunga kiliezua mapaa ya nusu ya mji, lakini nyumba ya Mama Mwiko kikaikosa kwa ajabu tu. Kwake kilichukua mlango wa banda la kuku, basi, na kuku mwenyewe alirudi asubuhi kwa miguu yake, amenuna. Mama Mwiko akaona haya kukaa chini ya bati zima wakati wenzake wanalala chini ya mawingu. Akajifunga kilemba, akatwaa mwiko wake mrefu kama kasia, ule wa kupikia kwenye harusi na misiba, akaenda shule ya sekondari ambako ukumbi mkubwa ulikuwa umegeuzwa makazi ya waliopoteza nyumba. Hakungoja kuitwa. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye harusi asizoalikwa huingia kwa mlango wa jikoni, na bibi harusi akashukuru.

Msimamizi wa pale alikuwa mwalimu wa michezo, kijana mwembamba aliyeongoza kila kitu kwa filimbi. Filimbi moja, watu wapange foleni. Mbili, waanike magodoro. Tatu, mwalimu mwenyewe amesahau alitaka nini. Alimtazama Mama Mwiko, akautazama mwiko, akamwonyesha banda la baiskeli nyuma ya ukumbi, ambako mafiga yalikuwa tayari.

"Mama, jiko ni lako," alisema. Mama Mwiko angepewa nchi nzima asingefurahi zaidi.

Ndani ya ukumbi familia zilijigawia nafasi kwa mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba. Palinuka magodoro mabichi, sabuni na watoto. Jukwaani alikaa mzee mmoja fundi saa, amezungukwa na saa za ukutani alizookoa, kila moja ikisema lake, naye akizisikiliza kwa subira kama mzazi wa wana wengi. Watu walikuwa wamepoteza mali, lakini hawakupoteza midomo. Kicheko kilianza kurudi siku ileile ya kwanza, kidogokidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni kabla ya kupiga hodi.

Siku ya pili, Mama Mwiko akiwa anagawa uji, aliinua upawa, akainua na macho, na aliyesimama mbele yake na bakuli alikuwa wifi yake.

Tuseme ukweli hapa hapa, tusizunguke mbuyu. Wifi huyu, mke wa mdogo wake wa pekee, alikuwa na kibanda cha chakula kilichosifika, na siku walipohamia nyumba yao mpya alipika mwenyewe kwa wageni wote. Mama Mwiko, ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na breki, alipokea sahani, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Wifi, huu ni wali au uji?" Wageni wakacheka. Wifi naye akacheka, mpaka wa mwisho alipoondoka. Kisha akasema, "Kuanzia leo, mguu wako usikanyage kwangu." Na haukukanyaga. Mtoto alipozaliwa, Mama Mwiko alipeleka nguo za kichanga. Zilirudi zimefuliwa na kupigwa pasi.

Mtoto huyo sasa alikuwa na miaka mitatu, mnene wa mashavu, ana paji la uso la marehemu bibi yake, na alikuwa mgongoni mwa mama yake palepale kwenye foleni akiutazama uji. Mama Mwiko amebeba watoto wa mtaa mzima. Huyu, damu yake, hajawahi kumgusa hata kidole. Alitaka kumbeba. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake yote duniani, na kimbunga chenyewe kilikuwa kidogo mbele yake.

Wifi alitoka kwenye foleni na bakuli tupu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa michezo.

"Mimi si mgeni wa kulishwa," alisema. "Nyumba imekwenda, mikono ninayo. Nipe kazi."

"Unajua kazi gani?"

"Kupika."

Mwalimu, masikini, asiyejua lolote, alifurahi hata akapuliza filimbi. Akamshika mkono, akampeleka banda la baiskeli, akamsimamisha kwenye sufuria ileile ya Mama Mwiko. "Mama, nimekuletea msaidizi!" alisema, akaenda zake akipiga mluzi.

Basi wakapika pamoja, na hawakusemeshana. Lakini wapishi wawili hawawezi kukaa kimya mbele ya moto mmoja, kwa hiyo kila mmoja alitafuta wa kuzungumza naye.

"Wewe moto," Wifi aliuambia moto, "mwambie aliyekuwasha kwamba kuni mbichi hazipiki, zinafukiza."

"Na wewe moshi," Mama Mwiko akajibu huku akikoroga, "mwambie mwenye macho ya kudekezwa kwamba ukumbini kuna kivuli."

"Kivuli sikitaki, sufuria. Nimekuja kazini."

"Kazini, sufuria! Umesikia? Vitunguu vimemshinda, anasema yuko kazini."

Habari zikaenea. Kina mama waliokuwa wakimenyea viazi vyao ukumbini walihamisha viti hadi karibu na banda. Fundi saa naye akashuka jukwaani, akidai kwamba mwanga wa kule ni mzuri zaidi kwa macho yake. Walikaa kimya kabisa, kama watu walio kwenye hotuba, wakiuma midomo wasicheke. Hata waliokuwa bado wanalilia mapaa yao walikuja kusikia leo sufuria imeambiwa nini.

Lakini kila Mama Mwiko alipozunguka upande ule, Wifi alizunguka upande huu, na mtoto mgongoni akawa daima mbali, anageuza shingo kumtazama mwanamke mwenye mwiko. Mara moja Mama Mwiko alimkonyeza. Mtoto akajaribu naye kukonyeza, akafumba macho yote mawili. Mama Mwiko aliinama kwenye mafiga akapuliza moto uliokuwa tayari unawaka, ili watu wadhani ni moshi uliomtoa machozi.

Kisha wahisani wakaleta gunia moja la maharage na magunia ya mchele. Kwa siku zote hizo watu walikuwa wakila uji, mchuzi wa viazi na biskuti, na habari ya maharage ilipita ukumbini kama habari ya uhuru. Watoto waliimba. Mwalimu wa michezo alitangaza kwamba leo kutakuwa na foleni ya nidhamu, na hakuna aliyemsikiliza.

Maharage yalichemka tangu asubuhi katika sufuria kubwa kuliko zote. Yalipolainika, Mama Mwiko alitia chumvi, konzi baada ya konzi, kwa kipimo anachokijua mkono wake, akaenda kwenye mapipa ya maji kuosha mchele. Huku nyuma Wifi akaja, akaona maharage yameiva. Kuuliza hakuweza, maana sufuria haijibu. Kuonja sufuria ya yule kulikuwa sawa na kumwomba msamaha. Akatia chumvi, konzi baada ya konzi, kwa kipimo anachokijua mkono wake.

Kina mama wa viazi walikuwa wamekwenda kupanga foleni. Hakuna aliyeona.

Bakuli la kwanza la maharage alipewa mwalimu wa michezo, kwa heshima, mchele ukiwa bado haujabandikwa. Alichota kijiko kimoja, kikubwa, akakitia kinywani mbele ya watu wote. Akatafuna mara moja. Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka, akameza kishujaa, akachukua jagi la maji akanywa bila kupumua mpaka likaisha.

"Chakula," alisema hatimaye kwa sauti nyembamba, "kina... kina nguvu."

Fundi saa akaomba kijiko, akaonja kwa ncha ya ulimi, akakirudisha.

"Jamani," alisema, "bahari imerudi kutuaga."

Mawifi wawili waligeukiana. Miaka yote ile ikapita katikati yao, na wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja:

"Umetia chumvi?"

 Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega, wengine walikaa chini, mwanamke mmoja aliyepoteza kila kitu isipokuwa kandambili zake alicheka mpaka akavua moja akapiga nayo sakafu. Ni mawifi tu ambao hawakucheka. Lile gunia lilikuwa la pekee, na watoto walikuwa wamesimama na mabakuli.

"Ni mimi," Mama Mwiko alisema. "Ningekuambia."

"Ni mimi. Ningeonja."

"Basi tusimame tunagawana makosa, watoto wafe njaa? Mchele haujatiwa chumvi. Mwaga nusu ya mchuzi, tutie maji, tupikie mchele humohumo. Utakunywa chumvi yote."

"Maji yako wapi? Mapipa yameisha!"

Ndipo gari la maji lilipoingia getini, na dereva wake alikuwa mdogo wake Mama Mwiko, mume wa Wifi, aliyekuwa akizunguka vituo vyote vya mji kugawa maji. Miaka mitatu bwana huyu alikuwa akila chakula cha mchana kwa dada na cha jioni kwa mke, na kula vyote viwili kwa siri, ndiyo maana kitambi chake kilikuwa kikubwa kuliko mshahara wake. Alisikia kelele za wanawake wawili anaowajua. Akaruka chini mlango ukiwa wazi, akakimbia na viatu vimejaa tope, akiwaza amwamulie nani kwanza.

Aliwakuta wameshika mwiko mmoja, mikono minne, wanakoroga.

"Kuna nini?" aliuliza akihema.

"Lete maji!" walimjibu wote wawili. Alisimama akiwatazama, mdomo wazi, mpaka wakamfokea tena. Akaenda kuvuta mpira wa maji huku anafuta macho kwa mkono wa shati, wala hakujificha.

Walikoroga, wakaongeza mchele, wakaonja, wakaongeza tena. Chumvi ilipungua, lakini mchele ule, kwa kupikwa na kukorogwa vile, ulivimba, ukapasuka, ukashikana na maharage ukawa rojo nzito. Wifi aliinua mwiko. Rojo ikadondoka polepole, pwaa. Akamtazama Mama Mwiko usoni.

"Wifi," aliuliza, "huu ni wali au uji?"

Kina mama wa viazi waliacha kupumua.

"Ni uji," alisema Mama Mwiko. "Na wako siku ile ulikuwa wali. Tena mzuri. Mdogo wangu alipakua mara tatu, na kwangu hajawahi kuongeza hata mara moja. Nikaona wivu, wifi yangu. Nikaropoka, na nimejuta mpaka nimechoka kujuta. Nisamehe."

 Wifi aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akaonja rojo ile, akatafuna akifikiri.

"Lakini mtamu," alisema. "Wallahi ni mtamu. Tuite watu."

Mwalimu akapuliza filimbi, na foleni ikapangwa yenyewe. Sufuria ile haikuweza kuinuliwa na mmoja, na Wifi alitaka kushika upande wake wa pili, lakini mtoto mgongoni alikuwa mzito na anachezacheza. Akafungua kanga. Akamshusha mtoto, akamgeukia Mama Mwiko kana kwamba wamefanya hivyo kila siku.

"Inama nikubebeshe mwanao," alisema. "Mimi nina kazi."

Mama Mwiko akainama. Akasikia uzito ule wa moto ukimlalia mgongoni, mikono midogo ikimshika shingo, kanga ikizungushwa na kufungwa kifuani. Mdogo wake akashika upande mmoja wa sufuria, mkewe upande wa pili, wakaipeleka ukumbini. Mama Mwiko alibaki amesimama palepale, anayumba kidogo kulia na kushoto.

Kisha akahisi joto lingine. Lilianzia mgongoni, likashuka kiunoni, likaingia ndani ya gauni mpaka kwenye visigino.

Wifi, akirudi kuchukua upawa, aliona.

"Yuu! Wifi, amekukojolea! Mlete huyo, nikupe kanga kavu ukabadilishe."

Mama Mwiko alirudi nyuma hatua moja, ameshika fundo la kanga kwa mikono yote miwili.

"Humtoi mtu hapa," alisema. "Miaka mitatu wenzangu wanakojolewa, mimi mkavu."

Akaingia ukumbini vilevile, analowa, akapita safu baada ya safu akiwageuzia watu mgongo ili wote waone.