Maji ya Mvua ni ya Gari

Devota aliingia gereji ya Swedi pale Ihumwa huku mvuke ukifuka mbele ya kioo, maana pikapu ilikuwa imechemsha mara mbili njiani kutoka Mvumi, na yeye mwenyewe alikuwa amechemka kuliko hiyo pikapu. Hakuja kuchekeana na mtu. Kesho yake, baada ya ibada, ukoo wa marehemu mumewe ungekaa nyumbani kwake kuamua kama pikapu ibaki au ichukuliwe.

Aliyeuchochea ukoo alikuwa Yotham, mdogo wa marehemu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema gari la kaka yake linamfia yule mwanamke mikononi. Linavuja maji, linagonga mbele, na Joshua hajamaliza hata mwaka kaburini. Apewe yeye, mwenye pikapu ya aina ileile, anayebeba nayo mchanga na matofali kule Mtumba, kabla haijawa chuma chakavu. Ukoo uliitikia kwa kichwa, ukaona ana akili. Hakuna aliyejiuliza zabibu za Devota zitafikaje sokoni. Zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Ukichelewa siku mbili unavuna nzi.

Mama mkwe wake, Bibi Anjelina, yeye alikuwa na maelezo yake. Ule mlio, alisema, ni Joshua anabisha hodi. Amekasirika na anataka mkewe ashuke kwenye gari lake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Zima, usije ukaniulia injini hapa."

Swedi alikuwa mzee mfupi mwenye ulimi mchafu kuliko mikono yake. Alisubiri injini ipoe, akaizunguka pikapu mara moja, akasema, "Mama, uza hii."

"Sikuja kuuza. Nimekuja kujua inaumwa nini."

"Wote husema hivyo."

Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakiangalia juani. Oili ilikuwa nyeusi, haijawa kama maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yakiingia ndani ya injini. Alitandaza boksi lililokunjuliwa chini ya pua ya gari, akajaza maji, akawasha. Haikuchukua muda boksi likaanza kupata madoa, tone baada ya tone, upande wa kulia. Swedi aliinama na tochi, akaingiza kidole nyuma ya grili na kukitoa kikiwa cheupe.

"Unaona hii? Chumvi. Rejeta imeoza kwa maji yenu ya kisima. Mnaipa gari maji ya chumvi, halafu mnakuja kunililia mimi."

"Sijawahi kuitia maji ya kisima."

"Mama, usinitanie. Hii chumvi ni ya miaka. Imeganda mpaka ndani."

Devota alikitazama kile kidole cheupe. Nyumbani kwake Mvumi maji ya kisima yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba sufuria ziliota ukoko mweupe, na Joshua, ambaye hakuwa na mchezo na gari lake, alijenga tangi la kukinga mvua ya bati na kulitia kufuli. Maji ya mvua ni ya gari, alisema, na hakuna aliyethubutu kubisha. Chai ilipikwa kwa maji ya chumvi, watoto wakaogeshwa kwa maji ya chumvi, wageni wakanywa hayohayo wakikunja uso, na pikapu ikanywa ya mvua. Bibi Anjelina alipoomba kikombe kimoja alinyimwa. Kuanzia siku hiyo hakumchukia mwanawe aliyeweka sheria. Alimchukia mkwe aliyeshika ufunguo, na Mvumi nzima ilijua.

"Na huo mlio?" Devota aliuliza taratibu.

Swedi aliinua upande wa kulia kwa jeki, akachomeka mtaimbo kwenye mkono unaoshika tairi, akaukandamiza. Ko! Akaukandamiza tena. Ko! Akafungua boliti huku akitukana kila mtu aliyewahi kuigusa, akatoa kipande cha mpira kilichokaa kwenye kiungo na kumtupia Devota mkononi.

"Hii ni bushi au kandambili? Mtu amekata tairi bovu akachomeka humo. Mumeo alikuwa bahili, ee?"

Joshua bahili kwa pikapu yake! Devota alikitazama kile kipande, kimechongwa kwa kisu ovyoovyo, tundu la msumari bado liko pembeni. Akakumbuka. Baada ya matanga kuondolewa, Yotham alikuja na sura ya huruma, akasema, shemeji, nikupunguzie mzigo, naichukua nikaifanyie sevisi. Alikaa nayo karibu wiki nzima, akairudisha imeoshwa inang'aa. Na yeye, mjinga wa Mungu, alimchinjia kuku.

Kuku! Hicho ndicho kilichomuuma kuliko rejeta.

Jumapili ukoo ulikaa kwenye viti vya plastiki uani. Baba mkubwa Silvano, kaka wa baba yao Joshua na Yotham, mkubwa wa wote, alitoa salamu yake ya Kigogo, "mbukwenyi", akaitikiwa, akasema waende moja kwa moja. Yotham alikuwa amekuja na pikapu yake, ameiegesha pembeni ya ile ya Devota. Ziliuzwa mnadani siku moja, yeye na kaka yake walizinunua pamoja, hata rangi zilifanana. Bibi Anjelina alikaa kwenye mkeka, ameupa mlango wa mkwe wake mgongo.

Devota hakuzunguka. Aliweka kile kipande cha mpira katikati, akasema, "Shemeji Yotham alichukua gari zima. Amenirudishia bushi zilizokatwa kwenye tairi bovu na rejeta iliyokula chumvi. Rejeta ya Joshua haijawahi kuonja chumvi. Iko kwenye gari lile pale."

Minong'ono ikaanza. Yotham akacheka, kicheko cha mtu aliyejiandaa.

"Shemeji, unanivunjia heshima mbele ya mama yangu. Rejeta imekula chumvi kwa sababu wewe umeilisha chumvi. Tangu kaka afe, nani anaona unachotia? Umechoka kufungua kufuli, umechota kisimani. Sema tu ukweli."

"Sijawahi."

"Nani shahidi?"

Hakuwa na shahidi. Watoto wake si shahidi. Swedi alikuwa ameona chumvi, hakuona mkono ulioitia. Baba mkubwa Silvano alikuna kidevu, na Devota aliona kabisa macho ya wazee yakihama kutoka kwake kwenda kwa Yotham. Wangeichukua, leo hii, na wangemwambia ashukuru.

"Mwanamke ni mtu wa kuchoka," Yotham aliendelea, sasa akiwa na raha. "Wala simlaumu. Kufuli lenyewe nadhani halifungwi tena, limeota kutu. Maji ya mvua anakunywa nani siku hizi? Watoto, wageni, kila mtu..."

"Mwongo!"

Alikuwa Bibi Anjelina. Amegeuka mzimamzima kwenye mkeka, kidole kimemwelekea Devota.

"Kila mtu nani? Huyu? Huyu ampe mtu maji ya mvua? Nimekuja hapa mwezi uliopita, koo limenivimba, mwanangu yuko kaburini, nikasema labda sasa atanionea huruma. Nikaomba kikombe. Kimoja! Akaniambia, mama, haya ni ya gari. Akafungua kufuli mbele ya macho yangu, akachota, akaipa gari, akafunga. Akaniletea ya kisima! Mchoyo huyu, mchoyo wa kuzaliwa! Hajatia gari maji ya kisima hata siku moja, angeona bora nife mimi!"

Yotham alifumba macho.

"Rudia hapo mwisho, shemeji," baba mkubwa Silvano alisema polepole. "Hajatia hata siku moja?"

Bibi Anjelina alifungua mdomo, akamtazama Yotham, na hapo ndipo alipoelewa alichokisema. Lakini afanyeje? Kulirudisha neno kungekuwa kukiri kwamba miaka yote hiyo amekuwa akimsingizia mkwe wake kanisani, sokoni na hospitali, na hilo asingelifanya kwa ajili ya mtoto yeyote aliyemzaa.

"Hata siku moja," alisema kwa uchungu. "Mimi ndiye niliyenyimwa. Mimi ndiye ninayejua."

Baba mkubwa alisimama, akaenda kufungua boneti ya pikapu ya Yotham. Rejeta iliyokuwa ndani ilikuwa kavu, safi, haina hata alama nyeupe. Kisha akasema, "Yotham, leta spana zako."

Yotham alifungua boliti hadi jua likaanza kushuka, mgongo mavumbini, na hakuna aliyempa hata pole. Alirudisha rejeta, akarudisha bushi, na kila kilichokwama alikitukana kwa sauti ya chini. Devota alisimama juu yake mwanzo hadi mwisho, mikono kiunoni. Hakumhurumia hata kidogo.

Ilipobaki kujaza maji, alifungua kufuli la tangi, akachota ndoo. Bibi Anjelina aliinuka kwenye mkeka, akaja na kikombe cha bati.

"Anza na mimi."

Devota alisita. Kisha akamjazia mpaka pomoni. Yule mama alikunywa kidogo, akayazungusha mdomoni, akameza.

"Hayana ladha," alisema.

Kilichobaki akakimimina mwenyewe kwenye mdomo wa rejeta, taratibu, bila kumwaga tone.

Devota aliwasha gari, akalizungusha uani, juu ya mizizi, juu ya mawe, ndani ya lile shimo ambalo siku zote lilikuwa likilifanya lilie. Halikugonga. Akalipitisha tena, na furaha ilimjaa hadi akataka kupiga honi. Alipozima, alimkuta mama mkwe wake amesimama palepale na kikombe kitupu, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Ameacha kubisha," Bibi Anjelina alisema. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Nilikuwa namsikia kila ukipita barabarani. Sasa umefurahi?"

Devota alibaki ameshika usukani.