Wapangaji wa Swali la Kumi na Nne

Jumamosi moja ya Januari, saa nne asubuhi, Darlene Kosinski aliketi katika maktaba ya umma ya Toledo akafungua kitabu cha mazoezi ya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Alikwisha kuufanya mara mbili, na mara zote mbili alama hazikutosha. Akikosa mara hii, angebaki kukunja mashuka ya hospitali hadi uzeeni na asitaje tena habari za uwakili. Alishamwambia mumewe hivyo.

Swali la kumi na nne lilikuwa fupi. Mwenye jengo anasema mwaka jana wapangaji walilalamikia baridi. Mwaka huu hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo hita ni nzima. Kasoro ya hoja hii ni ipi?

Darlene alipofika kwenye alama ya kuuliza, wapangaji walitoka ukurasani. Walikuwa sita, wamevaa makoti na kofia za sufu. Walivuta viti wakaketi. Mkutubi aliwakumbusha kwamba kahawa hairuhusiwi.

"Samahani, mwanangu," alisema mkubwa wao, Bibi Petrakis. "Tumesikia hapa kuna wanasheria. Hita yetu imekufa tangu Novemba."

"Sasa mbona hamlalamiki?"

"Waliolalamika walifukuzwa. Sisi ndio tulionyamaza."

Darlene alivua skafu yake akamfunga bibi shingoni, kisha akamwita mwalimu wake wa maandalizi ya mtihani, aliyekuwa meza ya pili. Brent Halvorsen alijua kasoro za hoja zote duniani, na hakuwahi kumtetea hata paka. Alikuja na saa yake ya kupimia muda mkononi, amevaa shati la mikono mifupi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

"Hawa wamo kwenye swali?" aliuliza.

"Wamo."

"Basi hakuna shida. Ila hayo ya kufukuzwa hayamo. Usiingize mambo ya nje, Darlene. Ndiyo yanayokuangusha kila mara."

"Brent, mtazame bibi midomo. Imekuwa ya bluu."

"Bluu nayo haimo."

Bibi Petrakis aliomba kuona majibu ya kuchagua. Alivaa miwani akayasoma yote matano, kidole kikifuata mstari.

"Mbona hakuna la kutengeneza hita?"

"Halijawahi kuwepo, mama," alisema Brent. "Nafundisha mwaka wa tisa huu."

Darlene alichagua C: msemaji anadhani kila mwenye baridi hulalamika. Lilikuwa jibu sahihi.

"Sekunde sabini!" Brent alimpigia makofi. "Umeiva wewe."

Kweli alikuwa ameiva. Alifaulu kwa alama za kutisha, na Septemba akaingia chuoni. Siku ya kwanza darasani, Bibi Petrakis alikuwa kiti cha pembeni, na ile skafu shingoni. Nje watu walitembea na kaptula. Kwake bado ilikuwa Januari. Profesa aliandika jina la bibi kwenye orodha ya waliohudhuria akaendelea kufundisha.

"Sasa je, mwanangu?" bibi alinong'ona. "Si umeshaingia?"

Darlene aliutazama ukurasa wa kesi uliokuwa mbele yake, akausoma wote, akaurudia. Alikuwa mwanafunzi hodari sana.

"Hiyo hita haimo, mama," alimjibu, akaweka kidole mdomoni.

Bibi Petrakis alipulizia viganja vyake. Hakulalamika.