Vidonge vya Majirani

Laurentine alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili kwa homa, na hii ya tatu aliapa haitamtoka. Basi kila wiki alikwenda kwenye zahanati ya kambi ya wafanyakazi, hapo Élisabethville, akapewa kidonge cha malaria, akakimeza. Homa ikarudi vilevile, ikamtetemesha mpaka kitanda kikalia.

"Mama, uko natema dawa," akasema Clovis, mwuguzi wa zahanati.

Jamani, kumwambia hivyo mwanamke aliyekwisha kulia mara mbili! Laurentine alikasirika mpaka machozi yakamlenga. Akameza kidonge kingine mbele ya Clovis, akaachama kama anayepokea komunyo. Homa ilipopanda tena, Clovis aliona haya, akamfuata nyumbani ajue kulikoni.

Alimkuta na jirani yake, Mama Annie, aliyekuwa akifungua fundo la kitambaa lenye vidonge. Kambini humo, kwenda kumwona mwenye mimba mikono mitupu ni aibu. Wanawake walijua Laurentine amepungukiwa damu, kwa hiyo kila aliyekuja alimletea vidonge vya manjano vya kuongeza damu, vile alivyobakiza mwenyewe baada ya kujifungua. Naye angekataaje? Alimeza vya wote.

"Unakunywaka ngapi?" Clovis akauliza.

"Yote yenye bananiletea."

Clovis akavuta kiti, akakaa. "Docteur alitufundisha, kadudu ka malaria kanaitaji vitamini ya namna hii juu ya kuzaliana. Dawa yangu inakanyima. Ukijaza hii mingi mu mwili, dawa inakosa nguvu. Hautemake kitu, mama. Nilikukosea."

Mama Annie akashika kichwa. "Kumbe tulikuwa tunakapatia chakula."

Laurentine akacheka huku analia, kwa kuwa kosa halikuwa la tumbo lake, kama alivyoogopa siku zote.

Vidonge vya manjano vikasimamishwa kwanza. Akapewa kwinini, chungu hasa, masikio yakamvuma kutwa. Majirani hawakuacha kuja, ila sasa walikuja kumfulia na kumchotea maji.

Asubuhi moja aliamka mwili mkavu, bila jasho la homa. Alitulia kitandani akiingoja ile baridi ya mgongoni, lakini haikuja. Mtoto akampiga teke la ubavuni, la kuuma kweli.

"Piga tena," akamwambia, na mtoto akapiga.