Minofu Kwenye Jokofu la Chanjo

Mwaka tisini na sita, wafadhili walipoleta jokofu la umeme wa jua kwenye zahanati moja ya upande wa Buhongwa, akina mama ndio waliosomba mawe na mchanga wa kujengea chumba chake. Nesi Paskazia aliwaimbisha kutwa nzima. Kabla ya hapo chanjo ilifuatwa mjini kwa kasha la barafu, na barafu ikiyeyuka njiani, basi kliniki imekufa. Sasa chanjo ingekaa hapo hapo.

Ikakaa miezi minne.

Jumatatu moja Paskazia alirudi kazini baada ya wiki nzima ya kumuuguza mama yake. Akina mama zaidi ya hamsini walikuwa wamekwisha kupanga kadi mezani. Akafungua jokofu. Harufu ya samaki ikampiga usoni. Mifuko ya minofu ya sangara ilijazana mpaka mlangoni, maji ya damu yamechuruzika juu ya kipimajoto. Vichupa vya chanjo ya surua vilikuwa kwenye beseni, dirishani.

"Tangu lini?" alimuuliza Mihayo, mganga mfawidhi.

"Alhamisi tu. Sista, mishahara yetu unaijua. Siku hizi kila mtu ana mradi wake. Hoteli zinataka samaki wa baridi."

"Na chanjo?"

"Si ziko kivulini?" Akashusha sauti. "Wachome tu. Nani atajua?"

Harufu Paskazia angeivumilia; ile sauti ya upole, kama ya mtu anayekukaribisha chai, ndiyo iliyomtia kinyaa.

Akabeba beseni mpaka barazani. "Mama zangu, dawa imeharibika. Leo hakuna chanjo. Njooni ndani mwone kilichowekwa mahali pake."

Modesta, aliyetoka Mkolani kwa miguu na mapacha, mmoja mgongoni mmoja kifuani, ndiye aliyetangulia. Akatazama, akatoka kutema mate nje.

"Hawa samaki ndio tuliowabebea mawe?"

Wakaitoa mifuko mmoja mmoja, wakaitupa kwenye shimo la taka, Mihayo akiwafuata nyuma akiwasihi wamwachie hata nusu.

Wilaya ilimhamisha Mihayo. Hata onyo hakupewa. Alipelekwa tu kituo kingine, chenye jokofu kubwa zaidi. Habari hizo zilipomfikia Paskazia alikuwa amepiga magoti, anasugua jokofu kwa sabuni na ndimu. Alisugua siku mbili, na bado kila akifungua aliziba pua.

Chanjo mpya ilipofika, wiki tatu baadaye, walikuja akina mama kumi na wanane tu. Modesta alikuwamo. Paskazia alipochukua sindano, Modesta alimshika mkono.

"Sista, hii nayo ililala wapi?"

Paskazia hakukasirika. Akamwongoza mpaka kwenye jokofu, akafungua, akasogea pembeni. Modesta akainama, akanusa kila rafu bila haraka, kisha akaanza kumfungua mtoto wa mgongoni.