Breki za Gurudumu Lisilokuwepo

Mama Pacha aliingia kibandani kwa fundi baiskeli akiwa na fremu begani na magurudumu mawili mkononi, akavitua vyote juu ya gunia la vyuma chakavu.

"Shemeji, nifungie haya," akasema. "Kutembea kwenda kazini kumenipasua visigino."

Fundi hakuuliza fremu ni ya nani. Breki zake alizifunga mwenyewe, wiki ileile ambayo lori la kiwanda cha magodoro lilimgonga mume wa Mama Pacha getini. Dereva alisema baiskeli haikuwa na breki. Meneja akasema alivyosema dereva, na pale getini, mwisho wa mteremko, ukasimikwa ubao: MARUFUKU BAISKELI ISIYO NA BREKI. Chini ya maandishi alichorwa mtu anaanguka, na mchoraji, sijui nani alimtuma, akamvika kofia kama ya marehemu. Mjane alipewa kazi ya kufagia kiwandani humohumo, kwa hiyo mchoro ule aliuona kila asubuhi. Pacha wake waliulizwa na wenzao shuleni kama yule wa kwenye ubao ndiye baba yao. Walirudi nyumbani wakamuuliza mama. Alichotaka ni ubao ung'olewe, basi.

Fremu ilikuwa ya kizamani, ya tairi namba ishirini na nane. Magurudumu aliyoyaleta yalikuwa namba ishirini na sita, kwa sababu yale ya zamani yalipondwa na lori yakawa kama chapati iliyokunjwa. Yaliingia vizuri, ila breki zikabaki juu, zinaning'inia hewani, vidole viwili kutoka kwenye rimu. Kwa fundi hilo halikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Alikata vipande vya chuma bapa, akavitoboa, akavifunga kwenye fremu, na breki akazifunga kwenye vipande hivyo, chini kidogo, mpaka raba zikatazamana na rimu sawasawa. Akabana. Raba zikaikumbatia rimu kwa pande zote mbili, na gurudumu likaendelea kuzunguka kama halijaguswa na mtu.

Akakaza waya. Akageuza raba. Akasugua rimu kwa msasa, akaitukana, akaisugua tena. Wapi! Mwisho akavifungua vipande vyake, akazirudisha breki kulekule juu, akainuka kwenda kunywa chai. Alipokuwa anaisogeza baiskeli ukutani akashika breki kwa mazoea tu. Ikasikika sauti ya raba inasugua chuma, na baiskeli ikasimama ghafla, akajigonga goti.

Chai ikapoa. Fundi alipiga magoti akapitisha kidole katikati ya zile raba mbili. Kidole kikapita bila kugusa kitu. Akakitoa, akabana breki, na raba zikasogeleana lakini hazikukutana. Zilisimama zimeachana upana wa rimu. Unga mweusi wa raba ukadondoka sakafuni. Alipima kwa rula, kisha akapima rula yenyewe kwa rula nyingine.

"Shemeji, nimechanganyikiwa," akamwambia Mama Pacha aliporudi. "Zikigusa hazishiki. Zisipogusa zinashika."

Mama Pacha aliinama akachungulia. "Zinashika gurudumu lake la zamani," akasema, kama anayeelekeza chumvi ilipo.

"Si lilipondwa lile?"

"Lilipondwa. Zenyewe hazijaambiwa."

Fundi akakuna kichwa. Akaona bora atie mafuta kwenye mnyororo, hilo angalau alikuwa na uhakika nalo.

Asubuhi iliyofuata walimsubiri meneja getini. Mama Pacha alipanda juu ya mteremko, akashuka nao kwa kasi, kanga ikimpepea. Mbele ya meneja akabana breki. Hewa ikakwaruza, baiskeli ikasimama palepale, hatua mbili kabla ya mstari mweupe. Meneja alivaa miwani, akatazama raba, akatazama rimu, akamwomba arudie. Akarudia.

"Nimeona," meneja akasema. "Zinashika barabara."

"Ndizo zilezile alizokuwa nazo," Mama Pacha akasema. "Hazijabadilishwa. Basi ubao utolewe."

"Ubao tumeupaka rangi juzi tu, mama."

"Mume wangu alikuwa na breki!"

"Sijakataa." Meneja hakuwa mtu mkali, alisema kwa upole kabisa. "Lakini taratibu zetu zinataka raba iguse rimu. Hizi hazigusi. Kwa hiyo baiskeli hii, kwa hapa getini, haina breki. Isiingie."

Fundi alijaribu kutafuta kosa la hesabu liko wapi, akaona kila kipande kimekaa mahali pake na bado kitu kizima kimepinda. Mama Pacha alilia njia nzima kurudi kibandani, analia na kusukuma.

Fundi akaviokota vile vipande vyake vya chuma bapa, akafunga breki nyingine chini ya zile za zamani. Za chini ni za kuonyesha. Za juu ni za kusimama.

Sasa Mama Pacha hushuka mteremko kila asubuhi akasimama kwa gurudumu lisilokuwepo. Mlinzi huinama, hubana breki za chini, huona raba zimegusa rimu, huridhika. "Pita, mama," humwambia, naye hupita chini ya kofia ya mumewe.

Nyuma yake huja lori, dereva yuleyule. Breki zake hulia kutoka mbali, na husimama likiwa limeshauvuka mstari. Mlinzi hulifungulia geti. Ubao hausemi kitu kuhusu malori.